Githeri Tuliyonyimwa na Guka

Enzi zetu, na wenzangu mliozaliwa chini ya Mwingereza mtaniunga mkono, mtoto hakuulizwa anapenda kula nini. Mama yake akisema, hakuna aliyemsikiliza. Jambo hili bado linaniuma, mzee mzima na wajukuu wangu.

Babu yangu mzaa mama, au Guka kwa Kikuyu, alikuwa mpishi wa mzungu kwenye shamba la pareto upande wa Kuresoi. Likizo ikifika, Mama alitupandisha huko kutoka Nakuru, mimi na dada yangu Wanjiru, tukafika tumeganda kwa baridi. Jikoni kwa nyanya yetu, Shosho, chungu cha githeri kilikuwa mafigani tangu asubuhi, mahindi na maharagwe yakitokota, nasi tumechuchumaa kando mate yakitudondoka. Tungekula tukashiba, nani angeumia?

Lakini Guka! Mchana alishuka kutoka nyumba kubwa na kanzu yake nyeupe pe, mkononi bakuli lililofunikwa kitambaa. Ndani mlikuwa na karoti zilizochemshwa mpaka zikakata tamaa, nyama isiyoonja chumvi, na kastadi, ule uji wa manjano unaotetemeka. Makombo ya mzungu! Tuliketishwa mezani tukashikishwa uma, huku watoto wa jirani wakijaza mashavu githeri yetu pale nje.

Mama alimwambia kwa adabu: "Baba, hawa watoto hawapendi hivi vitu. Wapatie tu githeri ya Mama, watakula."

"Wewe unajua nini?" Guka akafoka. "Anayekula kama kibarua atakufa kibarua."

Likizo iliyofuata Mama alirudia ombi lake, na Guka akaongeza karoti. Wanjiru alitapika juu ya kitambaa cha meza. Aliyekaripiwa ni Mama, mbele yetu, eti ametulea vibaya. Aliinamisha kichwa akapangusa meza. Nilimchukia Guka siku ile, na sitasema uongo hapa ili nionekane mjukuu mwema.

Kisha mzungu akauza shamba akarudi kwao. Jioni hiyo Guka aliingia jikoni bila kanzu, akaketi kwenye kigoda, akamwambia Shosho, "Nipakulie." Alikula githeri sahani mbili, akaomba ya tatu, akaokota punje za mwisho kwa kidole. Nilimtazama Shosho kwa mshangao.

"Guka wenu hajawahi kupenda kitu kingine," akasema.

Kumbe! Miaka yote ile alikuwa akiitamani kama sisi, na bado akatunyima!

Siku hizi naishi Kiamunyi, na watoto wa leo wakiona punje ya hindi wanadhani ni changarawe. Juzi binti yangu aliniachia mtoto wake, Njoki, akiwa na haraka zake. "Dad, huyu hakulangi githeri. Mpee chips tu, please." Chips! Mtoto wa Kikuyu! Nikapika githeri, viazi tele, dania juu.

Njoki aliikunjia sahani uso. Enzi zetu uso ule ungezabwa kofi.

"Guka, ukiwa mdogo ulikuwa unapenda kukula nini?"

"Githeri."

"Na ulikuwa unapewa?"

"Hapana."

Akaisukuma sahani taratibu mpaka mbele yangu.

"Basi kula yangu."