Nilivyokwenda Lamu na Mkojo Uliokataa Kutoka

Nilitoka Siyu kwa hasira. Ugonjwa nilikuwa nao zamani, na peke yake usingenitoa nyumbani. Aliyenitoa ni jirani yangu Bwana Omari, aliyesimama kwenye baraza ya msikiti mbele za watu akasema, "Bakari, adhana sasa tuachie wenye udhu." Mimi! Nimeadhini msikiti ule tangu sijaota ndevu. Kweli, mkojo ulinisumbua. Nikitawadha, kabla sijafika mlangoni kikoi kimelowa. Nikienda chooni nasimama mpaka miguu yafa ganzi, napata matone. Lakini kila niliyemwambia alinijibu neno moja: uzee. Mke wangu, uzee. Mganga, uzee, na kuku wangu akamchukua. Omari akashika adhana yeye, na sauti yake, Mungu anisamehe, ni ya mbuzi aliyebanwa na mlango.

Asubuhi moja baada ya hapo niliamka sina hata tone. Tumbo chini ya kitovu limekaza kama ngoma. Nikasema, leo nakwenda hospitali Lamu, nikifa nifie ndiani, safarini.

Ndia ya Mtangawanda, bandarini kwetu. Mpwa wangu akanipandisha punda. Aliyebuni kwamba mgonjwa apandishwe punda hakuwahi kuumwa kibofu. Nikashuka, nikaenda kwa miguu, nimeinama kama mtu aliyepoteza sindano. Siku nyingine ningewaeleza kila mnazi wa ndia ile ni wa nani na nani alimdhulumu nani, lakini siku hiyo sikuona hata mnazi mmoja.

Mtangawanda. Mashua ilikuwa ikipakia. Bi Zena, muuza chai wa pale, akanitazama usoni.

"Bwana Bakari, wakojoa?"

"Sikojoi, Bi."

"Basi kunywa dafu, lafungua ndia."

Nikanywa. Akapasua la pili, nikanywa, maana mwanamke yule hakataliwi. Abiria nao kila mmoja na lake, huyu chai ya tangawizi, huyu maji ya shayiri. Wema wao nusura uniue. Maji ya kuingia yalikuwa na ndia, ya kutoka hayana!

Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara. Maji yalikuwa yametoka, chombo kikakwama matopeni, na madafu yakafika yalikokuwa yakienda. Nikashuka nikaingia mikokoni, nikasimama, nikasimama. Wanawake waligeukia upande wa pili kwa adabu, ila mmoja hakuweza kujizuia: "Babu, wavua kaa huko?" Mashua nzima ikacheka. Nikatukana. Mimi muadhini nilitukana, na maneno mengine sikujua kama nayajua. Kicheko kilikatika waliponiona narudi machozi yanitoka. Nahodha akawashusha wanaume, wakasukuma chombo, matope magotini, na yule mwanamke akanishika mkono hadi Lamu.

Lamu. Dresa wa hospitali, mtu wa bara, alinibonyeza tumbo nikapiga ukelele. Akaleta mpira mwembamba. Sitaeleza ulipita wapi. Beseni likajaa, akaleta jingine, nami nikalia kwa raha.

"Shida hii tangu lini, mzee?"

"Yapata miaka mitatu."

"Na hukuja?"

"Waliniambia ni uzee."

"Uzee ndio, lakini maradhi ya uzee nayo hutibiwa. Kuna tezi chini ya kibofu. Wanaume wengi wakizeeka huwavimba, ikabana mkojo. Ungekawia zaidi, figo zingeharibika. Na nani amekunywesha maji yote haya?"

Sikumtaja Bi Zena.

Nikalazwa na mpira wangu, na ulipotolewa nikakojoa mwenyewe. Dresa akaniagiza: ukiziba tena, njoo siku hiyo hiyo, na huenda tukakupeleka Mombasa ukapasuliwe. Pale kitandani hasira ikanirudi upya. Wanaume wengi, kasema. Wako wapi? Nimekaa barazani na wazee wenzangu umri mzima, tumesema bei ya nazi, wake, majini, hata kuhara kwa watu. Goti likimuuma mtu, mji mzima wajua. Mtoto wa jicho twasimuliana. Hili tu twalificha, twafa nalo, na tukishazikwa watu husema alikuwa mzee.

Siyu. Nilifika alasiri haijaingia, nikaenda moja kwa moja kwenye ile baraza. Sikuketi. Nikawaeleza yote, mpira, beseni, tezi, kwa sauti ya adhana, hata wapita ndia wakasimama.

"Astaghfirullah, Bakari," akasema mwalimu wa chuo cha Kurani, "hapa ni msikitini!"

"Na mliponitoa kwenye adhana kwa mkojo wangu, si hapa hapa?"

Nikamgeukia Omari. Maneno ya kumwambia nilikuwa nimeyaandaa tangu Lamu. Omari alikuwa akitazama chini.

"Bakari," akasema polepole, "huo mpira... wauma?"

Sikuelewa. Kisha nikaelewa. "Nawe tangu lini?"

"Kabla yako."

Kabla yangu! Wallahi nilitaka kumpiga fimbo. Amenitoa kwenye adhana kwa ugonjwa alio nao mwenyewe, ili watu watazame kikoi changu wasitazame chake. Nikamwambia tu, "Mashua huondoka na maji ya asubuhi. Usikawie."

Nililojifunza ni kwamba aibu yetu imeua wazee wengi kuliko hiyo tezi, na hasira yangu haijapoa hadi leo, wala si kwa Omari peke yake. Asubuhi yake Omari alikwenda Lamu. Adhuhuri nikaadhini mimi, kwa kuwa muadhini alikuwa safarini.