Mwizi Aliyenisalimia Vizuri

Nilikwenda Bariadi kwa sababu ya sauti ya mke wangu. Minza ametangulia mbele ya haki, lakini meseji zake za sauti zimo kwenye simu yangu, na akaunti ya meseji ilikuwa imetekwa.

Asubuhi hiyo, nyumbani Zagayu. Mwanangu Masanja akasema, "Baba, tuifute programu, tuiweke upya."

"Kamfute mama yako wewe!" Nikapanda pikipiki.

Njiani nilijaa hasira. Darasani niliishia la pili, ng'ombe nimewapata kwa pamba ya mikono yangu, sijaibiwa hata ndama. Sasa mtu kanipigia, "Mwangaluka, baba." Tukaulizana ukoo, mvua, mifugo, watoto. Sisi hatukati salamu. Ndipo akaomba namba zilizoingia kwenye simu yangu. Ningemnyimaje?

Bariadi, jua limepanda. Kikosi cha dharura cha mitandao kilikuwa na chumba kimoja. Binti mmoja, Milembe, alikuwa akitazama taarifa zikiingia kwenye kioo ukutani.

"Kumbe mnachunga."

"Tunachunga, guku," akajibu, akiniita babu kwa Kisukuma. "Taarifa zikifanana tunajua mwizi ni yuleyule. Wako alianzia Shishiyu, sasa yuko Busega. Tumetuma tangazo la maandishi, wazee hawasomi. Tunatafuta aliyeibiwa aseme kwa Kisukuma."

"Nijitangaze mjinga? Sitaki."

Hakubishana. Akaiomba programu itume namba mpya, tukasubiri, zikaingia. "Sauti hazijatoka kwenye simu. Alichukua mlango tu. Ungefuta programu, zingepotea."

Akabonyeza. Minza akasema, "Baba Masanja, umekula? Usiniambie maziwa tu."

Milembe akageuza kiti, akatazama dirishani mpaka nikamaliza kufuta uso.

"Wapo waliofuta?" nikauliza.

"Wapo, guku."

"Haya. Nirekodi."

Nikasema kwa Kisukuma: mimi mzee wa Zagayu, nimeibiwa. Mwizi anasalimia vizuri. Mwitikieni, mwambieni na habari za mvua. Akiomba namba zilizoingia kwenye simu, kateni. Aliyekwisha kutekwa asifute kitu, aje Bariadi.

Jioni, nyumbani. Masanja alikuwa mlangoni pa zizi, anacheka. "Baba, umesikika mpaka Kalemela! Wanasema hata wewe umepigwa!"

"Waseme. Mimi nimejifunza kuitikia salamu bila kufungua zizi."

Nikampa simu. Akasimama akimsikiliza mama yake, kicheko kikaisha. Alirudia mara nyingine, akanirudishia simu kwa mikono miwili.

"Umekula, baba?"

"Maziwa tu," nikamwambia.