Kinyozi wa Bondeni na Tarumbeta za Rongai

Ukitaka kunyolewa Bondeni bila maneno, usiende kwa Ndegwa. Ukishakalia kile kiti chake na kufungwa lile shuka shingoni, kichwa si chako tena, ni cha mjadala. Wala hataki siasa wala mpira. Lake ni tarumbeta. Bendi ya vijana wa Bondeni ameifuata kwa miguu kwenye harusi, matanga na sherehe za serikali tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, ingawa yeye mwenyewe hajawahi kupuliza kitu isipokuwa nywele zilizokwama kwenye mashine.

Na alikuwa na hila, Mungu amsamehe. Mteja akianza kumshinda kwa hoja, stima ilipotea. Mashine ilinyamaza katikati ya kichwa, Ndegwa akapiga ulimi na kuulaani huo umeme wa nchi hii, kisha akakaa kwenye benchi kungoja. Mteja naye akabaki na upande mmoja unang'aa na mwingine una msitu. Sasa nani ataondoka hivyo apite pale stendi? Alikaa, alibishana kidogo, mwisho akachoka akasema, "Haya mzee, Bondeni ndio wanajua kupuliza." Basi haukupita muda stima ikarudi. Watu waliona ni bahati mbaya ya ile laini ya umeme. Hakuna aliyejua kuhusu swichi ndogo chini ya kaunta, ile aliyokuwa akiibonyeza kwa goti.

Mwaka huu maonyesho ya bendi yalifanyika mwezi wa nane, na bendi ya Rongai ikaja. Bondeni walitangulia, wakapuliza mpaka mabati ya jukwaa yakatetemeka. Walipokata kona ya mwisho pumzi iliwaishia, noti ya juu ikapasuka, lakini Ndegwa alipiga makofi palepale pasuko lilipotokea ili lisisikike. Kisha wakaingia Rongai na wimbo wa polepole. Tarumbeta zilianza chini kabisa, tromboni zikaziingilia, na wote wakaanza kutembea kinyumenyume wakipiga, bila sauti kuyumba hata kidogo. Uwanja mzima ulinyamaza. Ndegwa akahisi nywele za mikono zikimsimama. Akashusha mikono ya shati upesi na kuangalia kushoto na kulia. Kulia kwake alikuwa amekaa Dharmesh.

Dharmesh ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi na umeme pale Nakuru mjini. Babake, mzee Dhirajlal, ndiye aliyefungua duka la kwanza Rongai, na mwana hajaiacha bendi ya huko hata baada ya kuhamia Nakuru. Yeye na Ndegwa wamebishana miaka mingi, na hakuna anayeweza kuishi bila mwenzake.

Baada ya maonyesho akaja kunyolewa.

"Tarumbeta ni ya kuamsha wafu," Ndegwa akaanza, mashine ikinguruma. "Hao wenu walikuwa wanabembeleza mtoto alale."

"Bana, kama ni kelele, hata ambulensi iko nayo," Dharmesh akasema. "Yenu ilipasuka kwa kona. Kila mtu alisikia."

"Hiyo ilikuwa mbwembwe."

"Mbwembwe? Na zile nywele zilikusimama kwa mkono, pia ni mbwembwe?"

Stima ikapotea.

Dharmesh akakaa na nusu kichwa chake. Ndegwa akaenda benchi, akalaani umeme kama kawaida. Lakini Dharmesh huuza vifaa vya umeme kila siku, na masikio yake hayakulala. Pale saluni ya Wanjugu, jirani wa ukuta mmoja tu, redio ya stima ilikuwa bado inaimba. Akaangalia chini ya kaunta, akaona kitu cheupe anachokijua. Ilikuwa swichi aliyomuuzia Ndegwa mwenyewe, eti ya kengele ya wezi. Akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, akatamka, "Haya. Bondeni walishinda." Mashine ikafufuka. Kufikia jioni kila mwanamume wa Bondeni aliyewahi kukaa na nusu kichwa alikuwa ameshaisikia hadithi ya ile swichi, na Ndegwa peke yake ndiye asiyejua kwamba inajulikana.

Jumamosi iliyofuata wakwe walikuwa wanakuja kuongea mahari. Abby, binti yake Ndegwa, alikuwa amempata kijana wa Rongai, na si kijana tu. Babake kijana ni Nicodemus, mpiga tuba na kiongozi wa ile bendi. Ndegwa alikuwa ameimeza habari hiyo kama dawa ya minyoo. Asubuhi Abby alimshika mkono.

"Baba, leo usitaje tarumbeta. Tafadhali. Siku moja tu."

"Nimekuahidi," akasema, na alimaanisha. Alimpenda huyo msichana kuliko bendi zote za dunia, ingawa hangelisema mbele ya watu.

Kinyozi hajinyoi, kwa hivyo akakaa anyolewe na Micah, kijana wake wa kiti cha pili. Dharmesh, ambaye alikuwa amealikwa kama mzee wa upande wa nyumba, alifika mapema na suti yake, akajiegemeza kwenye kaunta. Micah alimaliza upande wa kushoto vizuri. Alipogusa wa kulia, mashine ikanyamaza.

Ndegwa alifungua mdomo kulaani umeme. Kisha akaisikia redio ya Wanjugu. Akageuza shingo polepole, akaliona goti la Dharmesh.

"Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji," Dharmesh akasema kwa upole. "Sema tu kitu kimoja: Rongai walipuliza kuliko Bondeni. Nawasha saa hiyo."

"Washa, bana! Wageni wako njiani!"

"Sema."

"Heri nizikwe na nusu kichwa."

Wakabaki hivyo, wazee wawili wazima, mmoja na shuka shingoni na mwingine na goti kwenye swichi, huku Micah akiangalia dari. Simu ikalia. Ni Abby: wageni wamefika, wanashuka kwenye gari. Dharmesh akamwonea huruma rafikiye, maana utani una mipaka yake, akabonyeza swichi. Kimya. Akabonyeza tena.

"Washa, Dharmesh!"

"Nimewasha!"

Wote watatu wakasikiliza. Redio ya Wanjugu ilikuwa imenyamaza. Stima ilikuwa imepotea Bondeni nzima, na safari hii bila msaada wa goti la mtu. Micah akatoa wembe, lakini alikuwa hajauzoea, na Ndegwa hakutaka kwenda kwa wakwe akivuja damu. Akachukua kofia yake ya kahawia, akaivuta mpaka kwenye nyusi, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Hema lilikuwa limesimamishwa pale uani kwake, nyuma ya duka la kinyozi. Nicodemus alikuwa mtu mkubwa mwenye kifua cha tuba, amekaa mbele ya watu wake. Salamu zilienda vizuri, chai ikamiminwa. Ndegwa hakutaja tarumbeta. Alianza hata kupumua.

"Kabla hatujaongea," Nicodemus akasimama, "tuombe. Wazee, kofia."

Hilo Ndegwa alikuwa amelisahau, yeye mtoto wa kanisa! Kofia zilishuka moja moja pande zote mbili. Yake ilishuka mwisho. Maombi yalikuwa marefu, na aliyafuata macho wazi, akiomba yake ya pembeni kwamba yasiishe. Yakaisha.

Watu wakafumbua macho. Abby alikuwa amesimama na chupa ya chai mkononi. Hakulia, aliuma mdomo tu, na babake akaona ni afadhali angelia.

"Mkwe," Nicodemus akasema taratibu, "hicho kichwa, ni mila ya huku?"

"Stima ilipotea," Ndegwa akasema. Ilikuwa kweli tupu.

Wanaume wa Bondeni wakalipuka kwa kicheko. Walishika matumbo, waligongana mabega, mmoja akamwaga chai. Wageni hawakucheka. Uso wa Nicodemus ukafunga.

"Tumetoka Rongai kuja kuchekwa?"

Hapo Ndegwa aliona siku ya binti yake ikimponyoka. Akasimama, nusu kichwa na yote.

"Si nyinyi mnaochekwa, ni mimi," akasema. Akawaeleza habari ya swichi, jinsi alivyowaweka watu nusu nusu miaka yote hiyo kwa sababu ya ubishi. "Na leo nimewekwa hivi kwa sababu kuna neno nilikataa kulisema. Nalisema sasa. Siku ile mlipotembea kinyumenyume na ule wimbo wa polepole, nywele za mikono zilinisimama. Sijawahi kusikia tarumbeta hivyo maisha yangu. Mlitushinda. Mlitushinda sana."

Ilimuuma kama jino linalong'olewa. Dharmesh aliinamisha macho. Alikuwa ameitafuta sentensi hiyo miaka na miaka, na sasa hakujua aifanyie nini.

Kicheko cha Nicodemus kikaanza chini, mahali tuba huanzia, kikapanda mpaka hema likatikisika. Akamkumbatia Ndegwa, akampapasa ule upande wenye nywele kama mtu anayepima kondoo. Wageni wote wakacheka. Abby akaweka chupa chini akajifuta macho na kitambaa.

Wakati huohuo redio ya Wanjugu ikarudi kuimba upande wa pili wa ukuta.

"Baba, malizia hicho kichwa kwanza," Abby akasema. "Sitaki picha za hivyo."

Micah akakimbia kuleta mashine na waya mrefu wa ekstensheni, wakamkalisha Ndegwa palepale katikati ya hema, shuka shingoni. Nywele zikaanza kuanguka. Kikabaki kichaka kimoja tu juu ya sikio la kulia, na Ndegwa akafumba macho kwa raha ya mtu aliyesamehewa.

Mashine ikanyamaza.

Akafumbua macho. Redio ya Wanjugu ilikuwa bado inaimba. Pale chini, kwenye swichi ya ekstensheni, kulikuwa na kiatu kikubwa cheusi, na ndani ya kiatu alikuwa Nicodemus, ametulia kabisa na kikombe chake cha chai.

"Pole, mkwe, stima imepotea," akasema. "Sasa tuongee. Mbuzi wa mahari mnataka wangapi?"