Chupa niliyoificha nyuma ya mkaa, mavyaa wangu akaifanya dawa

Assalamu alaykum ndugu zangu. Jina langu lisitajwe, maana mume wangu naye huusoma ukurasa huu. Nina miaka ishirini na sita, nnaishi Mtoni, na nina mtoto wa miezi minane asiyenipa usingizi. Mume wangu anapakua mizigo bandarini Malindi. Mimi ni Muislamu, na haya nnayoyaandika nnaona aibu hata kuyasoma mwenyewe.

Nnafanya kazi za ndani kwa mama mmoja wa Kizungu, Shangani. Ni mtu mwema, lakini hupenda kuchanganya ulevi nyumbani, ule wa kizamani wa mahotelini, wenye mambo mengi. Tabu yake ni kuwa ulevi wenyewe anaupata, vikorombwezo vyake hapa havipatikani. Akawa ananiuliza mimi. Mwanzo nilimletea marashi ya mawaridi kutoka Darajani, baadaye nikampikia shira ya iliki, sukari ya kuchemsha mpaka ikawa nzito. Siwaambii uongo, nilifurahi. Akionja hufumba macho, anasema, "Mkono wako una kitu." Nyumbani hakuna aliyewahi kunisifu mkono. Nikajipa moyo kuwa mimi napika shira tu, anachochanganya ni chake.

Kisha akataka maji machungu ya viungo, yale ya kutiwa matone mawili kwenye gilasi. Hayauzwi popote, tukatengeneza wenyewe: karafuu, maganda ya chungwa, mdalasini na kungumanga, vyote vimerowekwa kwenye pombe kali isiyo na rangi. Chupa lazima itikiswe kila siku. Yeye akapata safari, akaniachia mimi. Sasa nitoke Mtoni na mtoto mgongoni mpaka Shangani, kwenda kutikisa chupa? Nikaifunga ndani ya kanga, nikaileta nyumbani, nikaificha nyuma ya gunia la mkaa.

Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, alikuwa kwetu. Ni mkulima wa mwani huko Kiwengwa, alikuja kunisaidia mtoto. Siku moja narudi sokoni namkuta barazani, uso umekunjuka.

"Mwanangu, dawa nzuri kama ile ya karafuu unaificha kwa nini? Tumbo hili limenitesa tangu Ramadhani, leo limetulia kama si langu."

Nikamuuliza kanywa kiasi gani.

"Vijiko viwili kwenye maji moto, tangu juzi. Kali, lakini dawa isiyokuwa kali ni chai."

Ningesema pale pale. Lakini alikuwa ameshika birika anatia udhu, na huyu ni mtu ambaye akipita mlevi njiani yeye huhama upande. Nikaishia kusema, "Mama, ile si yangu, ni ya watu."

Akacheka. "Basi waambie watu wafanye nyingine."

Nikapanga kuimwaga asubuhi, asubuhi kazi zikanizidi. Nikiwa uani naanika nepi nikamsikia mtoto analia kwa tumbo. Nikaingia, namkuta bibi yake kampakata, kijiko cha ile dawa kimefika mdomoni. Nilikipiga kile kijiko kwa nguvu, na mkono wake nikaupiga pamoja nacho. Alhamdulillahi hakikuwa kimeingia. Nikampokonya mtoto, nikasema, "Mwanangu usimpe kitu."

Akanitazama, kisha akautazama mkono wake.

"Watoto wangu wote nimewalea kwa mkono huu, na mumeo yumo. Leo mimi ndiye wa kumdhuru mjukuu wangu? Mchawi mimi?"

Nikatoka na mtoto uani, nikaenda kumalizia nepi.

Chupa nshaimwaga. Yule mama wa Shangani aliporudi nikamwambia nitafua na nitapika, vinywaji vyake atengeneze mwenyewe, na hilo sirudi nyuma hata akinifukuza. Lakini mavyaa wangu hamgusi tena mtoto mpaka nimpe mimi. Jirani alipokuja kusalimia, mavyaa akamwambia, "Siku hizi wajukuu wana wenyewe." Mume wangu kila akirudi ananiuliza, "Umemfanya nini mama?" Kwa sababu mama mwenyewe hasemi, anasema tu amekumbuka kwao. Keshafunga mkoba wake. Jumamosi anaondoka.

Najua asiyejua hana dhambi, dhambi ni yangu niliyeileta nyumbani. Nikimwambia ukweli atajua sikumdhania ubaya, lakini atajua pia alichokuwa akikinywa kwa bismillahi, akaondoka akaenda kusali. Huyo namjua, hatopata raha tena. Nikinyamaza anakwenda Kiwengwa akiamini mke wa mwanawe anamwona mchawi. Na jana, pamoja na yote, aliponiona nahangaika alikuja akanifungia mtoto mgongoni, akakaza kanga, akaivuta kuhakikisha, akatoka bila neno.

Ndugu zangu, nitukaneni, nimestahiki, lakini mkimaliza nishaurini. Kati ya uchungu huu na ule, nimpe upi mtu mzima ambaye hakunikosea?