Aplikasyo ya Bure na Maharagi ya Yaya

Leo asubui nilikuwa ninageuza chisense kwenye mukeka, zile samaki ndogo ndogo tunakaushaka kando ya ziwa, telefone ikalia. Nikapangusa mikono kwenye kitenge, nikaangalia. Ni ile aplikasyo ya kujaza kodi ya serikali. Kwa Kingereza chake cha sukari ilisema hongera, wateja wazuri kama mimi wanastahili zawadi. Puu! Nilitema mate chini, kweli kabisa, mwanamuke muzima kama mimi, mbele ya jirani. Nilisha kuifuta mara mbili kwenye telefone. Lakini inajua numero yangu, na mambo yote ilianzia kwenye hiyo numero.

Kwetu sisi batu tuliovuka ziwa kutoka Congo, mutu moja akiwa na telefone, nyumba kumi ziko na telefone. Kwenye kliniki, kwenye kanisa, kwenye liste ya mbegu, wakiuliza numero, unatoa ya ndugu yako. Si uongo, si kujificha. Unatoa numero ya mutu ambaye atakufikishia habari. Hapa Nchelenge, upande wa Zambia, mutu huyo alikuwa mimi. Watu watano walikuwa wanatoa numero yangu kama yao: wanawake wane ninauzaka nao samaki sokoni, na yaya wangu, dada yangu mukubwa, mutoto wa kwanza wa mama yetu, analima kule Mantapala, kwenye kambi ya wakimbizi. Telefone ikilia, nilikuwa ninauliza kwanza, “Munatafuta nani?” Nilikuwa ninajisikia mutu wa maana sana. Sasa ninaona haya hata kuandika hivyo.

Yaya analima maharagi. Kila mavuno, mwanaume moja mwenye kamyo, lori ya mizigo, anakuyaka mpaka kwenye shamba, anafungua gunia, anakunja pua, anataja bei yake mwenyewe, na yaya anakubali, sababu wadudu wa maharagi hawangojeaki mutu. Mwaka jana shule moja ya bweni upande wetu ikatafuta mutu wa kuleta maharagi mwaka muzima, kwa bei ya kueleweka. Yaya akaweka gunia nane pembeni. Mwenye kamyo alipofika, yaya wangu, mujane ambaye sijamusikia akikatalia mutu kitu maisha yake yote alimwambia, “Hapana, papa, hizi ziko na mwenyewe.” Alinielezea ile habari mara tatu, akicheka mpaka machozi.

Shule ilitaka dokima tatu. Mbili alikuwa nazo. Ya tatu ilikuwa karatasi ya kuonyesha kwamba mambo yake ya kodi iko sawa. Kadi ya kodi alikuwa nayo, tulichukua pamoja sisi wote sita wakati yeye pia alikuwa anauza samaki. Siku ya mwisho ya kupeleka dokima ilikuwa Ijumaa, saa sita ya muchana.

Yaya alitaka twende kwenye biro ya kodi, tupange mulolongo kama watu wote. Mimi njo nilikataa. Wallahi sina mutu mwingine wa kumusingizia.

“Mulolongo ya nini, yaya? Kuko aplikasyo. Ni bure.”

“Bure kabisa?”

“Bure kabisa. Batu bote banaitumiaka.”

Watu wote walikuwa ni mimi. Mwezi wa nyuma nilikuwa nimejaza kodi yangu pale, halafu ya wale wanawake wane, kila moja na kadi yake, lakini numero ya telefone ile ile moja. Aplikasyo haikuuliza kitu. Ilisema hongera mara tano, nami nikajiona kontabli, mutu wa mahesabu.

Basi Jumanne tukakaa inje kwenye mukeka, yaya akitaja, mimi nikiandika. Ikauliza mauzo, mwezi kwa mwezi, tangu wakati yaya alikuwa bado anauza samaki. Tulipofika miezi ile ya ziwa kufungwa, wakati hakuna mutu anaruhusiwa kutia wavu ndani ya maji, yaya akasema, “Pale hatukuuza kitu. Acha, pita.” Nikaacha, nikapita. Kwetu hiyo miezi haihesabiwi. Mutu akikuuliza uliuza nini ziwa ikiwa imefungwa, utafikiri anakutukana. Kumbe mashine haijui ziwa. Ilikuwa lazima kuandika sifuri, na mwezi ukiuacha wazi, unahesabiwa kwamba hukujaza, na uko na faini yake. Aplikasyo iliona ile miezi iko wazi, haikutuonya, ikatupitisha.

Mwisho njo ikaonyesha meno. Kutuma ni bure, sawa, lakini kuunganisha miezi ya nyuma si bure. Nikalipa. Kupata karatasi upesi si bure. Nikalipa. Kulipa kwenyewe kuko na makato yake. Nikalipa hiyo pia, huku yaya ananiangalia usoni, nami ninacheka cheka kama mupumbavu. Neno la kukubali lilikuwa kubwa, la kijani, katikati. Neno la kukataa lilikuwa dogo, la rangi ya majivu, chini kabisa. Na mahali fulani kulikuwa kisanduku kimoja wenye aplikasyo walishakitia alama wao wenyewe kabla mimi sijafungua, cha kunikata pesa kila mwezi. Sikukiona. Miezi mine walinikata.

Mimi sokoni nikipima kikombe cha chisense, ninaongeza konzi moja juu, matabisi ya mununuzi. Mama yangu alifanya hivyo, kila mwanamuke wa samaki anafanya hivyo. Hawa wanapima, halafu wanachota matabisi yao ndani ya kikombe chako, na juu yake wanakuandikia hongera. Uchafu gani huu! Mwizi wa sokoni ukimukamata anaangalia chini angalau.

Basi ikatoka ile alama ya kijani. Umemaliza, ilisema. Nikamuonyesha yaya. “Imekwisha!” Akapiga makofi, akaimba, akanishika mashavu kwa mikono miwili kama wakati nilikuwa mutoto. “Mudogo wangu, weye uko na akili.” Akapanda pikipiki ya kurudi Mantapala.

Jumatano, hakuna karatasi. Alhamisi, hakuna. Nikaandika kwenye dirisha lao la musaada. Jibu likakuya kabla hata sijaondoa kidole: “Ninafurahi kukusaidia!” Nikaeleza. “Ninafurahi kukusaidia!” Nikaeleza tena, na hasira. Ikaniambia kuzungumza na mutu wa kweli kuko bei yake. Nilienda nyuma ya nyumba nikatapika.

Ijumaa asubui tukaenda kwenye biro ya kodi, mulolongo ule ule niliukataa. Mama wa pale, Muzambia, alituongelesha Kibemba na adabu nzuri. Alitafuta kwenye mashine yake, akatafuta tena, halafu akatugeuzia kioo tuone.

“Awe, bamayo, hapana mama,” alisema. “Kwa jina la huyu mama hakuna kilichofika.”

“Lakini ilitoa alama ya kijani!”

“Ile alama ni ya kwao, si ya kwetu. Inasema tu wao walipokea.”

Halafu akatafuta jina langu, na pale njo tulikuta vyote. Kwa ile aplikasyo, numero moja ni mutu moja. Samaki za wale wanawake wane, maharagi ya yaya, na samaki zangu, vyote vilikuwa vimerundikwa juu yangu, kama mimi ni tajiri wa mjini. Na yaya, kwa upande wake, alikuwa mutu asiyejaza kitu, miezi yake yote wazi. Inaweza kutengenezwa, mama wa biro alisema. Barua, dokima za watu sita, kungoja wiki kadhaa.

Saa ya ukutani ilikuwa saa tano.

Tulienda shuleni hata hivyo. Mutu wa manunuzi alihesabu dokima za yaya, moja, mbili, akangoja ya tatu. Yaya aliangalia mimi. Mimi niliangalia viatu vyangu. “Pole sana, mama,” yule mwanaume alisema, akamurudishia bahasha yake.

Kazi ilichukuliwa na mwenye kamyo. Yeye alikuwa na karatasi zote. Wiki mbili baadaye akafika Mantapala, akasimama mbele ya zile gunia nane, mikono kwenye mifuko.

“Mama, zile gunia ziko na mwenyewe,” alisema, “mwenyewe alisha kuya?”

Akazinunua chini ya ile bei yake ya zamani, akazipakia, akazipeleka shuleni. Yaya hakunigombeza. Angenigombeza ningelala vizuri. Siku nyingi nilikuwa ninatukana ile aplikasyo kwa kila mutu anayesimama kununua samaki, mpaka mwanamuke moja akaniuliza, “Na wewe, nani alikutuma kufinya lile neno la kijani?” Ninachukia ile aplikasyo, lakini kile kinywa changu kilichosema “bure kabisa” ninakichukia zaidi.

Mwezi uliopita nilimusindikiza yaya kwenye kliniki, magoti inamusumbua. Muuguzi akauliza jina, yaya akataja. Akauliza miaka, akataja. Akauliza numero ya telefone. Nilikuwa nimeshatoa telefone yangu kwenye kitenge, nimeshafungua kinywa kama siku zote. Yaya aliweka mukono wake juu ya wangu, polepole, bila hasira hata kidogo.

“Siko na numero,” alisema.

Muuguzi akapiga mustari mahali pa numero, akaita mutu mwingine.