Sikio la Asukile

Mlipuko wa mgodini ndio uliomrudisha Asukile nyumbani Iyunga mwaka 1954, na gitaa mgongoni na sikio la kushoto lisilosikia sawasawa. Mkewe, Yudith, alizoea kumwambia jambo mara mbili. Hilo halikumkera sana, maadamu gitaa alilisikia vizuri.

Masika yakaingia, na unyevu ukabandua kile kibao kinachoshika nyuzi tumboni mwa gitaa. Asukile akakibandika kwa gundi, akafunga nyuzi upya. Alipozipiga bila kuzibana, ziliitikiana. Lakini akibana shingoni, sauti zilichacha, na kadiri vidole vilivyokaribia tumbo ndivyo zilivyozidi kuharibika. Akakaza, akalegeza, wapi!

"Sikio la pili nalo limekufa," alijisemea.

Hakumwambia mtu. Kanisani akaacha kupiga. Yudith akiuliza, alisingizia kidole.

Kiangazi kikaja na mwaliko kutoka Iringa. Joachim, rafiki yake wa mgodini, alikuwa anamwoza dada yake Severina, na alitaka Asukile apige gitaa harusini. Joachim ndiye aliyemfukua kutoka kwenye kifusi siku ya mlipuko, angemkatalia vipi? Asukile akapanda basi, na njia nzima akawa anatunga maneno ya kujitoa.

"Kamwene, ndugu yangu!" Joachim alimlaki. "Haya, tupigie kidogo."

Maneno yote aliyotunga yakamponyoka. "Joachim, sisikii tena. Kila sauti kwangu imechacha."

Joachim, aliyekuwa akitengeneza magitaa ya kambi nzima kule mgodini, alilichukua, akapiga, akakunja uso. "Hata kwangu imechacha."

"Usinibembeleze."

"Nikubembeleze na harusi ni kesho? Hebu sikiliza." Akaimba do, kisha akaiimba tena, akiishusha kidogo mno.

"Ya pili imeshuka," Asukile alidakia.

"Basi sikio ni zima. Anayeumwa ni gitaa."

Akachukua uzi wa kushonea, akapima kutoka nyuzi zinapoanzia hadi kichuma cha kumi na mbili kati ya vile vinavyokatiza shingo. "Hapa ndipo panapotakiwa kuwa nusu ya nyuzi. Ukibana hapa, unapata sauti ile ile, ila ya juu." Kisha akaupeleka uzi ule ule kutoka kwenye kichuma hadi kwenye kibao. Ukapita kwa upana wa ukucha. "Umekibandika karibu mno. Nyuzi zimefupika, vichuma viko palepale. Vitakupaje sauti ya kweli?"

Asukile alikaa chini, akafunika uso kwa viganja. Joachim alidhani analia. Kumbe anacheka, na machozi yanamtoka vilevile.

Wakalainisha gundi kwa maji ya moto, wakakisogeza kibao, wakakigandamiza hadi kikashika. Kesho yake Severina alicheza mpaka akavua viatu.

Aliporudi Iyunga, Asukile alimweleza Yudith yote.

"Kumbe ni gitaa! Mimi nilidhani umeacha mwanamke huko mgodini, ndiye unayemwaza."

"Mama Gideoni!"

"Ungesema, baba. Ungesema tu." Akamsogezea kigoda. "Haya, piga nisikie."