Gauni Lisilo na Kiuno

Vita ya pili ya dunia ilikuwa imekwisha juzijuzi na kitambaa cheupe kilipatikana kwa taabu, kwa hiyo mama alipokipata cha gauni la arusi la dada yangu, hapakuwa na nafasi ya kukosea. Akakipeleka kwa fundi bingwa wa Temeke. Nasema bingwa kwa sababu ndivyo alivyojiita mwenyewe.

Sikatai, kanzu alizijua. Mwanamume akipita njiani alimtazama mara moja tu, akamkatia kanzu bila kumpima, na ikamkaa. Miaka ikipita bado alikumbuka ni bega lipi lililoshuka. Kichwa hichohicho ndicho kilichotuponza.

Dada alimpelekea picha ya bibi arusi aliyoikata gazetini: kiuno kimebanwa, mikono imetuna mabegani, sketi ya marinda hadi chini. Fundi akaitupia jicho, akairudisha.

"Kaa nayo, Fundi," dada alimsihi.

"Ya nini, mwanangu? Mie nashona tangu Mjerumani yupo. Nimeshaiona."

Alichokiona ni alichokuwa anakijua. Siku moja kabla ya arusi tulikunjuliwa kanzu. Ndefu, imenyooka kuanzia kwapani hadi miguuni, na shingoni ina nakshi ya hariri, kazi safi ajabu. Dada alikaa chini mchangani akalia.

"Kiuno kiko wapi?" mama akauliza.

"Picha ile haikuwa na kiuno, mama."

Tukamwekea picha mbele ya pua. Akaikodolea macho, akasema hiyo siyo ile. Na hakuwa akidanganya, jambo lililonipandisha hasira zaidi! Shingo ya gauni aliikumbuka mpaka mshono wake. Vilivyobaki, kwa kuwa kanzu haina, havikupata pa kukaa kichwani mwake. Asiyejua kushona angalau angeuliza.

Baba, Mkristo wa bara aliyekuwa akivaa kanzu kama watu wa pwani, aliijaribu. Ikamkaa sawasawa! Bingwa wetu alikuwa akimshonea baba miaka yote. Macho yalimtazama dada, mkono ukamkatia baba. Majirani wakamsifu fundi, naye akazipokea sifa bila haya.

Dada alifunga ndoa na gauni lake la Pasaka, la buluu, lililopauka makwapani, na baba akasimama kando yake ndani ya kanzu ile. Picha ya arusi ninayo mimi, maana yeye hajawahi kuitaka. Kila mgeni anayeiona huanza kuuliza yule bwana aliyependeza ni nani.